Mishumaa miwili ya ubatizo: mmoja wa picha, mmoja wa kuwaka

Nina watoto wawili na mishumaa miwili ya ubatizo iliyonunuliwa sehemu mbili tofauti, kwa hiyo nina la kusema.

Wa Kizito, kifungua mimba wetu, tuliununua kwenye duka moja la vifaa vya ibada mjini Dar, Sh 18,000. Kwa macho, mzuri: mweupe pee, utepe wa satini, njiwa wa kubandika, jina kwa maandishi ya dhahabu. Kanisani ulifanya kazi yake. Baba wa ubatizo aliuwasha kwenye mshumaa wa Pasaka, akampa mume wangu, picha zikapigwa. Shida ilianza mwaka uliofuata.

Kwetu tumejiwekea desturi. Kila ikifika tarehe ya ubatizo wa mtoto, mshumaa wake unatolewa kabatini, unawashwa mezani jioni, taa inazimwa. Baba anamchora mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, vilevile kama tulivyofanya siku ile mlangoni pa kanisa. Kisha anaulizwa kama anamkataa Shetani. Bakhita, mtoto wetu wa pili, hujibu kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Tunasali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, tunakula pilau, basi. Keki ni ya siku ya kuzaliwa.

Sasa ule mshumaa wa mjini, baada ya mwaka mmoja kwenye kabati letu la Kimara, tulimkuta amepinda kama ndizi. (Ndiyo, nasema "amepinda", maana tumeshamzoea kama ndugu.) Kuuwasha tu, moshi mweusi, na utepe nusura ushike moto. Halafu tarehe! Niliwaandikia mbili kwenye karatasi, ya kuzaliwa na ya ubatizo, wao wakaweka ya kuzaliwa. Niliporudi, muuzaji akakwangua kwa wembe, akaandika upya juu ya kovu. Hakunitoza, ila na samahani pia hakuitoa.

Wa Bakhita tuliagiza kwa masista wanaotengeneza wenyewe kwa nta ya nyuki. Sh 25,000. Rangi ya asali, unene wa gunzi la muhindi, hauna pambo zaidi ya msalaba mwekundu, Alfa na Omega, na mwaka 2019. Ukiufungua kwenye karatasi, harufu inajaa chumba. Usiku wa Vijilia, yaani mkesha wa Pasaka, ule wimbo wa kusifu mshumaa, Mbiu ya Pasaka, unapotaja kazi ya nyuki, mimi huwa nakumbuka kabati langu.

Sista aliyenihudumia aliniuliza kwanza somo wa mtoto, yaani mtakatifu wa jina lake, ni nani. Nilipomwambia Bakhita, akasema basi na 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, muuwashe. Akanionyesha jinsi ya kuchoma alama kwa pini, kila moja umbali wa kidole: moto ukifika kwenye alama, unazima, unasubiri mwaka mwingine. Uhifadhiwe umelazwa, umefungwa kwenye kanga, mbali na jiko. Nimefuata yote na mpaka leo umenyooka. Kwa hesabu yangu utafika kipaimara na bado utabaki wa harusi, Mungu akipenda.

Kasoro zipo. Lazima uagize wiki mbili kabla, na unaufuata mwenyewe. Pia hauji na kile kikaratasi cha kukinga matone. Mama wa ubatizo aliondoka kanisani na nta kwenye kitenge alichokishona kwa ajili ya siku ile. Nendeni na kisahani.

Mwaka jana Kizito alipokea komunyo ya kwanza. Parokiani kwetu watoto huja na mishumaa kurudia ahadi za ubatizo, nikataka kumnunulia mpya kwa masista. Akakataa katakata. Akaingia kwenye mstari na ndizi yake, kovu na njiwa wa bawa moja, katikati ya mishumaa iliyosimama kama askari. Katekista akamletea mwingine wa akiba, naye akauficha wake nyuma ya mgongo: "Huu ndio wangu."

Hata hivyo duka halipati sifa kwa ukaidi wa mwanangu. Wa mjini nyota mbili. Wa masista nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya kile kitenge.