Kuchagua kihisi cha sukari kwa anayejidunga insulini: uzoefu wangu

Ninaishi na kisukari aina ya 1 na ninajidunga insulini kila siku, kwa hiyo maoni haya ni ya mtu ambaye hofu yake kubwa si sukari kupanda baada ya kula, bali sukari kushuka akiwa usingizini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoamua kifaa ninachokivaa leo. Wauzaji wa vifaa vya kufuatilia sukari mfululizo hupenda kuanza na idadi ya siku ambazo kihisi hukaa mwilini na usahihi wake kwa asilimia. Mimi, baada ya kuvaa vifaa vya aina kadhaa, naanza na alamu: inalia lini, inasikika wapi, na ni nani mwingine anayeipata.

Kwanza ni vyema kuelewa kinachopimwa. Kihisi cha kawaida ni uzi mwembamba unaoingizwa chini ya ngozi kwa sindano ambayo huchomolewa papo hapo, na uzi huo hubaki ukipima glukosi iliyo katika majimaji ya kati ya seli, wala si katika damu yenyewe. Uzi umepakwa kimeng'enya ambacho kikikutana na glukosi huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kwa kuwa glukosi hupita kwenye damu kwanza ndipo iyafikie majimaji hayo, namba ya kihisi huchelewa nyuma ya namba ya kidole, yaani ya tone la damu linalotobolewa kidoleni, kwa takriban dakika 5 hadi 10, na pengo huonekana zaidi sukari inapobadilika kwa kasi. Skrini ikinionyesha 92 na mshale uliolala, yaani sukari imetulia, naendelea na shughuli zangu. Ikinionyesha 92 hiyo hiyo na mishale miwili inayotazama chini, yaani sukari inashuka kwa kasi, natafuta glukosi mara moja, kwa kuwa huenda damu imeshakaribia 70, mpaka wa sukari ya chini, wakati kihisi bado kinasimulia yaliyopita. (Natumia miligramu kwa desilita; aliyezoea milimoli kwa lita agawanye namba zangu kwa 18.) Ndiyo maana sikubali kifaa kinachotoa namba bila mshale, na ndiyo maana namshauri anayeanza ajifunze kusoma mishale kabla hajaanza kuzisumbukia namba.

FreeStyle Libre ya kwanza, kihisi cha kampuni ya Abbott iliyoingia katika soko la Ulaya mwaka 2014, ilimtaka mtumiaji apitishe kisomaji juu ya mkono ili apate namba, na kihisi chake kilihifadhi kumbukumbu za saa 8 tu. Kwa mtu aliyezoea kutoboa vidole mara kadhaa kwa siku, hiyo ilikuwa nafuu kubwa: asubuhi niliweza kuona mchoro wa usiku mzima, na kujua kwamba sukari ilizama saa nane za usiku kisha ikapanda yenyewe kabla sijaamka. Lakini kujua asubuhi ni kujua baada ya tukio, na kifaa kisichosema mpaka kiulizwe hakimfai aliyelala. Libre 2 iliongeza alamu, na Libre 3 hutuma namba kwenye simu kila dakika bila kupitishiwa chochote. Dexcom G6 na G7, vihisi vya kampuni nyingine, hutuma kila baada ya dakika 5. Kati ya dakika 1 na dakika 5 sikuona tofauti yoyote katika maamuzi yangu, ingawa matangazo huifanya ionekane kubwa.

Kwenye alamu ndipo ninaposhauri mnunuzi atumie sehemu kubwa ya muda wake wa kuulizia. Aulize kama kifaa huonya baada ya sukari kuvuka kiwango tu, au hutabiri. Dexcom, kwa mfano, ina onyo linalolia pale hesabu zinapoonyesha kwamba sukari itafika 55 au chini yake ndani ya dakika 20, na alamu yake ya dharura ya 55 haihamishwi wala kuzimwa kama nyingine. Kwangu dakika 20 hizo ndizo tofauti kati ya kunywa kitu chenye sukari nikiwa na akili timamu na kuamshwa na mtu mwingine nikiwa natetemeka na kulowa jasho. Aulize pia kama alamu hupenya simu ikiwa imenyamazishwa, kwa kuwa jambo hilo hutegemea ruhusa ambazo mtumiaji huzitoa siku ya kwanza anapoweka programu, wakati ambao wengi hubonyeza tu ili wamalize. Mimi huijaribu kila ninapobadilisha simu: nainyamazisha, naweka kiwango cha chini juu kidogo ya sukari yangu ya wakati huo, kisha nasubiri niisikie ikilia.

Umbali nao una maneno yake. Kihisi huzungumza na simu kwa Bluetooth, na mita 10 zinazotajwa kwa Libre 3 na G7 hupungua panapokuwa na ukuta, au hata mwili wa mvaaji mwenyewe ukikaa katikati. Simu inayochajiwa chumba cha pili haina msaada usiku. Eversense, kihisi kinachopachikwa chini ya ngozi, imelishughulikia suala hili kwa njia tofauti, kwa sababu kitumaji chake kinachobandikwa juu ya ngozi hutetema chenyewe mkononi hata simu isipokuwa karibu. Kwa mtu mwenye usingizi mzito au asiyesikia vizuri, hiyo ni sifa ambayo ningeiweka mbele ya zote. Kuna pia kushirikishana namba na watu wa nyumbani. Mwenzangu huzipata zangu kwenye simu yake, na tulikubaliana mapema kwamba alamu yake iwekwe chini ya yangu, ili aamke tu pale mimi niliposhindwa kuamka. Bila makubaliano ya namna hiyo, msaada hugeuka kuwa upelelezi, na kila namba huzua swali mezani. Ikumbukwe kwamba namba haziendi kokote ikiwa simu ya mvaaji haina intaneti.

Wingi wa alamu ni tatizo lenyewe. Ukiweka ya juu kwenye 180, italia karibu kila baada ya mlo, na masikio yatajifunza kuipuuza pamoja na ile ya chini. Yangu ya juu nimeipandisha hadi 250.

Upo pia uongo wa usiku ambao mwongozo wa kifaa huutaja kwa mstari mmoja tu. Ukilalia upande wenye kihisi, shinikizo hupunguza majimaji yanayokifikia, na namba hushuka ingawa damu haijashuka. Alamu huniamsha ikisema 58, kidole kikasema 104, nami nikigeuka mstari hupanda ghafla ndani ya dakika chache, kwa namna ambayo sukari ya kweli haipandi bila mtu kula. Dawa yake ni kuchagua mahali pa kukivaa kulingana na mtu anavyolala, katika sehemu ambazo mtengenezaji ameziruhusu, na kuwa na kipimo cha kidole kando ya kitanda.

Kuhusu usahihi, kigezo kinachotajwa ni wastani wa tofauti kati ya kihisi na kipimo rejea cha damu, kwa asilimia. Kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo kihisi kinavyosifiwa. Libre 3 hutajwa kwa 7.9 na G7 kwa 8.2 kwa watu wazima. Tofauti ndogo kama hiyo isimkoseshe mtu usingizi, kwa kuwa namba hizo zilitoka katika majaribio tofauti yenye watu tofauti, na wastani huficha kile ambacho mtumiaji wa insulini hukihitaji zaidi, yaani jinsi kihisi kinavyofanya kazi sukari ikiwa chini na ikiwa mbioni. Vilevile vihisi vingi huyumba kidogo siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo mimi hubadilisha changu asubuhi, ili yumbayumba hiyo ipite nikiwa macho.

Siku za kuvaa zinanigusa kidogo: 10 na nyongeza ya saa 12 kwa G7 ya kawaida, 14 kwa Libre 3, na takriban mwaka mzima kwa Eversense 365, ambayo mtaalamu wa afya huipachika chini ya ngozi kwa mkato mdogo. Ninachokiangalia zaidi ni muda wa kujiandaa, ule ambao kihisi kipya hakitoi namba yoyote. G6 ilichukua saa 2, Libre huchukua saa 1, G7 dakika 30. Mtu aliyejidunga insulini ya mlo muda mfupi kabla ya kubadilisha kihisi ataelewa kwa nini nusu saa ni bora kuliko saa mbili.

Ngozi haibembelezwi. Gundi ikianza kuwasha na kuacha wekundu wenye umbo lile lile la kihisi, hiyo yaweza kuwa mzio wa kweli, na isobornili akrilati, kemikali iliyowahi kutumika katika baadhi ya vifaa hivi, ni chanzo kilichothibitishwa na madaktari wa ngozi. Mzio wa namna hiyo hauondoki kwa kuvumilia; ni kubadilisha kifaa. Kihisi kikibanduka au kikifa kabla ya siku zake, mtengenezaji aombwe kingine: mojawapo ya vifaa nilivyowahi kuvaa kilinyamaza njiani, nikaulizwa namba iliyo kwenye boksi ambalo kwa bahati nilikuwa sijalitupa.

Dawa nazo zitazamwe kabla ya kulipa. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu na baadhi ya saratani, hupandisha namba za Dexcom isivyo kweli, na anayeitumia hapaswi kuitegemea. Vitamini C zaidi ya miligramu 500 kwa siku huweza kupandisha namba za Libre 2 na Libre 3, na parasetamoli ilivuruga vihisi vya zamani vya Dexcom, wakati G6 na G7 huvumilia hadi gramu 1 kila baada ya saa 6. Namba iliyopanda kwa uongo ni hatari kuliko iliyoshuka, kwa kuwa humfanya mtu ajidunge insulini asiyoihitaji.

Mwenye pampu ya insulini uchaguzi wake ni mfupi: atazame pampu yake inaoana na kihisi kipi. Asiye na pampu atazame kama simu yake imo katika orodha ya mtengenezaji, na asiharakishe kusasisha mfumo wa simu kabla programu ya kihisi haijathibitishwa kufanya kazi nao.

Kliniki nampelekea daktari ripoti ya siku 14, na kinachotazamwa kwanza ni sehemu ya muda ambayo sukari ilikuwa kati ya 70 na 180. Kwa watu wazima wengi lengo ni zaidi ya asilimia 70, na chini ya asilimia 4 chini ya 70; kwa wazee na walio katika hatari kubwa lengo hulegezwa hadi asilimia 50, ila muda wa kuwa chini hubanwa zaidi. Mazungumzo yetu yamebadilika tangu hapo, kwa kuwa tunajadili saa fulani za usiku badala ya wastani wa miezi mitatu.

Mimi nimebaki na G7, kwa ajili ya onyo la dakika 20 na ile nusu saa ya kujiandaa. Asiyetumia insulini hana sababu ya kunifuata: kuna vihisi kama Stelo, vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2024 bila cheti cha daktari, ambavyo havina alamu ya sukari kushuka na havikukusudiwa wajidungao insulini, lakini vinatosha kumwonyesha mtu jinsi mlo na mwendo vinavyoigusa sukari yake. Kipimo changu cha kidole bado kina kazi. Nakitumia kihisi kinapojiandaa, namba isipolingana na ninavyojisikia, na kabla ya kuendesha gari mshale ukiwa unaelekea chini.