Fungate yetu Kiwengwa: siku saba za kutoulizwa kitu

Kwa miezi minne kila Jumapili yetu ilikuwa ya kikao cha kamati. Ikapita kicheni pati, ikapita sendofu, ikaja harusi yenyewe, na usiku wa kuamkia ndoa nililala kwa muda wa saa tatu tu. Mume wangu aliponiuliza fungate twende wapi, nilimjibu: popote ambapo sitaulizwa kitu. Ndipo tukaamua kwenda hoteli moja ya Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako unalipa mara moja na kila kitu kimo ndani: chumba, milo mitatu, vitafunio vya jioni na vinywaji.

Tulilipa bei ya wakazi, shilingi 550,000 kwa usiku, watu wawili. Kwenye tovuti yao ilionekana bei ya dola peke yake, karibu mara mbili ya hiyo. Pigeni simu, semeni ninyi ni Watanzania, na bei mtakayoambiwa iandikwe kwenye barua pepe ya uthibitisho. Sisi tulipofika mapokezi walianza tena kutuhesabia kwa dola, na ile barua pepe ndiyo iliyotuokoa.

Kutoka Dar tulipanda boti ya asubuhi, mwendo wa saa mbili hivi hadi bandari ya Malindi, kisha gari la hoteli likatuchukua. Ilikuwa Oktoba, kusi limeshatulia na kaskazi bado, wakati ambao watu wa pwani wanauita tanga mbili. Bahari ilikuwa shwari, hata mimi ninayetapika kwenye pantoni nilifika mzima.

Chumbani tulikuta kitanda kimetandazwa asumini, chumba kizima kinanukia. Nilijilaza nizinuse, nikalala na nguo zangu za safari hadi saa kumi jioni. Siku ya pili hivyo hivyo: chai, kulala, bwawani kidogo, chakula, kulala. Mama aliyekuwa akisafisha chumba alibisha hodi mara moja, akatukuta bado tumelala, akasema nyuma ya mlango, "Lalani wanangu, kazi yangu haina haraka." Tangu hapo alikuwa anaacha taulo safi na maji mlangoni. Katika yote niliyoyalipia, sijaona lililonigusa kama hilo.

Kuna raha ambayo sikuitegemea, nayo ni kutoshika pochi. Tukitoka siku nyingine, nikisoma orodha ya vyakula natazama bei kwanza, na mume wangu najua naye anatazama. Pale hapakuwa na bei. Nilikunywa juisi ya mabungo asubuhi, dafu mchana, ukwaju jioni, na hakuna aliyeniletea bili. Siku ya tatu tuligundua kwamba hatujazungumzia fedha tangu tufike. Kwa watu waliotoka kuhesabu michango ya harusi, hiyo ni dawa.

Chakula kilikuwa kingi ila kimepikiwa wageni zaidi. Kiwengwa inapokea Waitaliano wengi, hata vijana wa ufukweni wanakusalimia kwa Kitaliano, kwa hiyo tambi ni za kila aina na wali wa nazi umepoa ladha. Tulimwendea mpishi, tukamwamkia, tukamwomba pilipili. Alifurahi kweli. Kuanzia usiku ule mezani kwetu palikuwa na achari ya embe, na mara mbili alitutengea pweza wa nazi ambaye hakuwa kwenye meza ya jumla.

Yasiyokuwemo kwenye malipo: masaji, safari ya boti kwenda kisiwa cha Mnemba, pombe za nje, kufuliwa nguo, na kamba koche wa kuchomwa ufukweni. Ulizeni haya mapema.

La kuniuma lilikuwa moja. Mlinzi wa ufukweni alitusimamisha siku mbili mfululizo atazame bangili za hoteli mikononi mwetu, huku wageni wa kizungu wakipita bila neno. Mume wangu alikwenda kwa meneja, akaeleza kwa upole, na halikujirudia. Lakini bibi harusi hapaswi kuthibitisha kwamba amelipa.

Kuhusu bahari, jueni kwamba pwani ya mashariki maji hukupwa mbali sana. Asubuhi unaweza kuamka ukaona mchanga na mwani hadi karibu na mwamba. Maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi; mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, hukupwa zaidi. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Kendwa au Nungwi, kule kaskazini. Mimi nilipenda huku huku. Maji yakitoka mnatembea wawili hadi mbali, ila vaeni viatu, kuna wadudu wa miiba mirefu myeusi.

Katika matembezi hayo, siku ya tano, tulikutana na bibi mmoja anachokoa pweza kwa kijiti. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akaitazama hina yangu, akauliza tumekaa siku ngapi. Tukamwambia tumelipia usiku sita.

"Fungate ni siku saba," akasema. "Mtu hutiliwa maji, huletewa chakula, hatoki. Hiyo moja mmempunja nani?"

Tulirudi hadi mapokezi na miguu yenye mchanga, tukaomba usiku wa saba. Chumba kilikuwa wazi, wakatupa kwa bei ile ile. Siku iliyofuata tulilala hadi adhuhuri, na tulipofungua mlango taulo na chupa mbili za maji zilikuwa pale pale.