Kugeuza picha bila ya kugusa kompyuta: uzoefu wa mpakaji hina

Kazi yangu ni kupaka hina na piko hapa Mkunazini, Unguja, na wateja wangu huchagua mauwa kutoka kwenye picha nilizozihifadhi katika kompyuta. Mara nyingi mteja hubadili rai wakati mkono wake mmoja umeshapakwa na mimi nimeshika koni, na kipanya kikishaingia piko hakisafishiki tena. Ndipo nikanunua kifaa kidogo kinachosoma ishara za mikono, cha jamii ile ambayo kampuni ya Leap Motion ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 2013.

Kifaa huunganishwa kwa waya wa USB na kulazwa mezani mbele ya kompyuta, kikiangalia juu. Ndani yake mna taa za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, na kamera mbili zinazoupokea mwanga huo unaporudi kutoka mkononi, kisha programu ikapambanua kiganja na viungo vya vidole.

Kugeuza picha kwa kupunga kiganja, na kuikuza kwa kutanua mikono miwili, kumenifaa sana. Wiki ya baada ya Idi nilimpaka bibi harusi hadi viwikoni, na hina ikiwa bado mbichi alijichagulia mwenyewe mauwa ya miguu, akayakuza hadi akaziona nukta za kwenye ncha za majani, bila ya kuniomba msaada. Kwa hilo peke yake sijutii fedha niliyotoa.

Hata hivyo, jua likiingia dirishani mkono hupotea kwenye skrini, kwa kuwa nalo lina infraredi nyingi. Mchana hulazimika kufunga dirisha. Mikono mirefu ya buibui ikifunika vidole, kifaa hakioni kitu. Kubonyeza vitufe vidogo vya kwenye skrini kwa kubana kidole gumba na cha shahada kunachosha bega, na siku hizi sijaribu tena.

Asiyetaka kununua kifaa anaweza kuanza na kamera ya kompyuta yake, kwa programu zilizojengwa juu ya MediaPipe, zana ya Google ya kutengenezea programu, ambayo hutolewa bure na huutambua mkono kwa nukta 21 za kwenye kiganja na vidole. Binti yangu aliniwekea moja, nayo yatosha kugeuza picha, ijapokuwa kwa kuzikuza bado nakitegemea kifaa.