Pakiti tatu za unga wa hojicha na bakuli langu la asubuhi

Niko Kyoto, Japani, mwaka wa pili sasa, nasoma, na kilichonivuta kwenye hojicha, chai ya kukaangwa ya huku, sio ladha, ni harufu. Kuna maduka ya chai hapa mjini wanakaanga majani palepale mlangoni, mashine inazunguka taratibu, ukipita asubuhi na njaa yako lazima usimame, yaani inanukia kama mtu anakaanga karanga na kahawa kwenye kikaango kimoja. Ni chai ya kijani ya kawaida tu ya Kijapani ila imepigwa moto mkali, nyuzi 200 hivi, mpaka ikawa kahawia, na ile ladha ya nyasinyasi kama ya matcha, ile chai ya kijani ya unga, inaondoka. Wenyeji wanasimulia kwamba ilianzia hapahapa miaka ya 1920, wauza chai walikuwa na vijiti na majani yaliyobaki, badala ya kutupa wakayakaanga kwa mkaa.

Sasa Agosti hapa chai ya moto hainyweki. Kyoto imekaa bondeni, milima huku na huku, upepo hamna, nimezaliwa Tanga na bado nalia na joto la huku. Ndo nikaanza kutengeneza smuthi ya bakuli, ile nzito ya kula kwa kijiko, nikasema ngoja niweke hojicha.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa na majani ya hojicha ya supamaketi, yale ya pakiti kubwa ya bei rahisi, nikatia vijiko viwili vikavu moja kwa moja kwenye blenda. Jamani. Hojicha nyingi zina vijiti ndani, blenda yangu haikuvisaga, nikawa natafuna kitu kama uji uliomwagikiwa na makapi, siku nzima natoa vijiti kwenye meno. Kesho yake nikapika chai kali nikaigandisha kwenye vibarafu, hiyo ilikuwa afadhali ila ndizi iliimeza ladha yote, na barafu inafanya smuthi iwe na chengachenga.

Kwahiyo unataka unga. Hapo nako nikapigwa tena, pakiti ya kwanza niliyonunua kumbe ni mchanganyiko wa late, yaani wa kutengenezea chai ya maziwa, mi nimeona neno hojicha na picha ya kikombe nikabeba. Nimefika nyumbani natafsiri kwa simu, kitu cha kwanza kwenye orodha ni sukari, na huku viambato vinaandikwa kuanzia kile kilichojaa zaidi, maana yake nimenunua sukari yenye harufu ya chai! Ukiwa dukani angalia nyuma, orodha iwe na kitu kimoja tu, chai, basi. Pakiti ya gramu 50 nainunua kwa yeni 900 na kitu, sio hela ndogo kwa mwanafunzi, ila kwa bakuli moja natumia kama gramu 4 tu, inasogea.

Ninavyofanya siku hizi: ndizi mbili zilizoiva mpaka zina madoadoa, nazimenya, nazikata, zinalala friza usiku kucha. Usizigandishe na maganda, utakuja kunikumbuka. Asubuhi vijiko viwili vya chai vya unga nauchekecha kwenye kikombe, natia maji ya moto kidogo sana, vijiko viwili vya chakula, nakoroga mpaka iwe kama rojo ya chokoleti. Hatua hii usiiruke, unga mkavu ukikutana na ndizi ya barafu unafanya madonge na utayakuta mdomoni moja moja, machungu. Halafu maziwa ya soya robo kikombe, sio zaidi, mkono ukiteleza umeshatengeneza juisi. Nasaga, nasimamisha, nasukuma chini na mwiko, nasaga tena. Kijiko kikisimama chenyewe katikati ya bakuli, tayari.

Kuhusu kusimamisha, siku moja sikusimamisha, nikawa nasikia harufu ya kuungua inazidi nikajisemea hee leo hojicha imekubali, kumbe mota ya blenda inaelekea kufa. Blenda ndogo na ndizi za barafu ni kazi, ipumzishe.

Ladha sasa. Haina utamu wa kelele, ni kama ganda la mkate uliobabuka kidogo, karanga, moshi kwa mbali, na ndizi ikiiva vizuri huhitaji sukari. Juu natupia kinako, ule unga wa soya iliyokaangwa, ufuta mweusi, na vipande vya nazi nilivyovikausha kwenye kikaango. Vitu vya kukaangwa vinaelewana. Stroberi na kiwi nilijaribu, hapana, ule uchachu unaiua chai kabisa unabaki na rangi tu.

Na rangi yenyewe ndo mtihani. Dada yangu alinipigia video nikiwa nakula, akaangalia bakuli akaniambia "Yaani umeenda mpaka Japani kula uji wa ulezi?" Nikamwambia dada hii ni smuthi. "Smuthi gani ina rangi hiyo, hebu nyanyua kijiko." Nikanyanyua. Akacheka mpaka simu ikaanguka.

Wale wanaosema haina kafeini, inayo. Chai ya hojicha ya kupika majani ina kama miligramu 20 kwa mililita 100, kahawa 60, lakini kwenye unga unakula jani zima, kwahiyo bakuli la saa nne usiku mi silipendekezi, nimejaribu nikahesabu mbao za dari.

Ubaya wa hii ninayonunua ni pakiti, zipu yake haifungi, na harufu ya hojicha inapotea haraka ikipata hewa, pakiti ya pili ilivyofika wiki ya nne ilikuwa inanukia boksi. Sasa naimimina kwenye kopo dogo la bati siku ileile. Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya zipu.

Ile ya sukari bado iko kabatini, aliye karibu na Kyoto aje aichukue bure.