Kitabu cha picha cha kumnunulia mtoto mdogo: kipi uanze nacho

Binti yangu ana miaka mitatu. Katika kitabu anachokipenda kuliko vyote kuna ukurasa ambao hatujawahi kuupita bila kusimama. Mama anakaanga maandazi, na maneno yanasema hivyo tu. Lakini chini kwenye kona kuna paka ananyemelea sinia, mguu mmoja umeshafika ukingoni. Maneno hayamtaji. Kila usiku mtoto anamwekea kidole: "Mwizi huyo!" Nikiingia dukani ndicho ninachotafuta, picha inayosema jambo ambalo maneno yameliacha, ili asiyejua kusoma naye awe na la kusoma.

Cha kwanza kwangu ni hadithi iliyotungwa kwa Kiswahili na kuchorwa na mtu anayeyajua maisha yetu. Dar es Salaam kuna wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision, Nairobi kuna Storymoja. Vingi ni vyembamba, kurasa 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa nane nane. Kabla hujalipa, fungua katikati usome ukurasa mmoja kwa sauti, hapo hapo dukani, usione haya. Ukikutana na "walikuwa na wakati mzuri" mahali ambapo bibi yako angesema "walifurahi", kirudishe rafuni. Kitabu hicho utakisoma mara mia, na ulimi wa mtoto utakifuata. Tafuta pia maneno yanayorudi rudi kama kibwagizo, kwa kuwa mtoto aliyezoea kujibu "Pakawa!" hupenda kupewa zamu yake. Muhuri wa ithibati wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) au KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya) unakuhakikishia kwamba kitabu kinaendana na mtaala. Kwamba kitamchekesha mwanao, hilo utalijua kwa kukifungua mwenyewe.

Cha pili hakina bei dukani. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili ambazo unaruhusiwa kupakua na kuchapisha bure. Chagua za kiwango cha kwanza, zenye neno moja au sentensi fupi kila ukurasa, uzipeleke stesheneri wakuchapie kwa rangi. Ubora wa michoro haulingani, kwa hiyo pitia yote kwenye simu kwanza. Nimeviweka nafasi ya pili kwa sababu karatasi ya kawaida haivumilii mikono yenye uji.

Kama mtoto hajafikisha miaka miwili, vuruga mpangilio wangu wote uanze na vitabu vya kurasa ngumu za kadibodi. Atavitia mdomoni, ndiyo kazi yake. Kwetu vya Kiswahili ni adimu, lakini kama ni picha ya kuku, kikombe na mpira, lugha utaitia wewe.

Vya lugha mbili nawapendekezea zaidi ndugu walio Muscat, London au Minneapolis, ambao watoto wao husikia Kiswahili nyumbani tu. Angalia kimoja: Kiswahili kisiwe kimebanwa chini kwa herufi ndogo. Mtoto hujua upesi lugha ipi imepewa heshima.

Mwisho kabisa naweka vitabu vya vitufe vinavyolia. Nilinunua kimoja kwa fedha ambayo ingetosha hadithi tatu. Betri ilikwisha baada ya wiki mbili, nikakuta kifuniko chake hakina hata skrubu. Betri zile bapa kama kitufe, mtoto akimeza zinaweza kumuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Kama unacho nyumbani, kikague leo. Karibu navyo naweka vitabu vya alfabeti ya Kiingereza vinavyopewa watoto wa miaka miwili: Q na X hazimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili, na mtoto anafundishwa tunda asilowahi kulionja.

Ukifika nyumbani, usimpe kwanza. Pini za katikati ndizo huanza kuachia. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene, pitisha uzi mgumu wa kushonea viatu, ufunge fundo kwa ndani. Chetu kimeshonwa hivyo tangu mwaka jana, na ukurasa wa maandazi bado umeshika.