Katuni au karatasi ya maandishi kwa mgonjwa wa TB?
Kwa kueleweka, katuni inaongoza. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Ukiiandika hiyo, mgonjwa ataisahau. Ukimchora baba kaduwaa chooni na nesi anamwambia "ni dawa tu hiyo", atacheka na haachi dozi. Hata bibi wa Kibosho asiyesoma anaelewa, ilimradi achorwe migombani kwake, si ghorofani.

Ila picha hiyo bila rangi haina maana, na hapa Moshi kuchapa rangi ni ghali kuliko kutoa kopi nyeusi. Mwongozo ukibadilika, maandishi unayarekebisha jioni moja; katuni inarudi kwa mchoraji. Na ratiba ya dawa ya miezi 6, awamu ya miwili ya mwanzo kisha ya minne, mimi naielewa zaidi kwenye jedwali.

Wagonjwa wako wanasoma na bajeti ni finyu? Baki na karatasi. Wengi ni wazee wa vijijini? Tafuta mchoraji.