Taarab na chakula cha jioni, Mji Mkongwe: nendeni na noti ndogo ndogo

Ijumaa nilimpeleka shangazi yangu wa Tanga kwenye hoteli moja Unguja inayopiga taarab juu ya paa. Chakula sikisemi sana. Pweza alikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Muziki ndio uliotuweka: ganuni, udi, fidla, dumbaki na mwimbaji, basi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji alikuwa akizikaza kila baada ya wimbo. Watalii wakadhani ndiyo wimbo wenyewe, wakapiga makofi. Shangazi alicheka mpaka machozi.

Kilichoniudhi ni mhudumu kumzuia shangazi asiende kumtunza mwimbaji, yaani kumpa noti akiwa anaimba, eti atawasumbua wageni. Taarab bila kutunza? Anayeinuka na noti ndiye anayesema ubeti huu ni wangu, au umfikie fulani aliyekaa pale. Bi mkubwa hakujibu. Alijitanda kanga yake, akaenda kwa maringo, akamtia mwimbaji elfu tano mkononi, na ubeti ukarudiwa.

Nyota tatu kati ya tano, mbili zikiwa za mpiga ganuni.